Mathieu Kérékou wa Benin: aliachia madaraka kwa hiari au kwa kubanwa?

Mpenda Historia (swali)

Salaam kwenu, ndugu zangu. Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma habari za Mathieu Kérékou, meja wa jeshi aliyetwaa madaraka nchini Dahomey tarehe 26 Oktoba 1972, akaibadili nchi jina na kuiita Benin mwaka 1975, akaitawala kwa chama kimoja kwa miaka mingi, kisha akashindwa katika uchaguzi wa 1991, akarudi kwa kura mwaka 1996 na kuondoka mwaka 2006 muda wake ulipokwisha. Ninachoshindwa kukiamua ni hiki: je, tumhesabu kuwa miongoni mwa waasisi wa demokrasia ya Benin, kama wengi walivyomsifu alipofariki Oktoba 2015, au alikuwa mtawala aliyeishiwa fedha akasalimu amri, na sifa iliyowastahili wananchi akavishwa yeye? Naomba mwenye kuijua historia hiyo anisaidie, na asisite kunisahihisha nilipokosea.

Mzee wa Maktaba

Ndugu Mpenda Historia, kabla ya kumhukumu Kérékou itazame kwanza serikali aliyoipindua. Dahomey ilipata uhuru mwaka 1960, na tangu 1963 jeshi lilikuwa likiingilia siasa mara kwa mara, hata ikafika mwaka 1970 wanasiasa watatu wakubwa, Hubert Maga, Justin Ahomadégbé na Sourou Migan Apithy, wakakubaliana kupokezana urais kwa zamu ya miaka miwili miwili. Maga alimaliza zamu yake na kumkabidhi Ahomadégbé Mei 1972. Miezi michache baadaye wanajeshi wakaufuta mpango wote, na wazee hao watatu wakawekwa kizuizini hadi 1981. Naeleza haya kwa sababu watu waliokuwa wamechoshwa na mivutano ya kikanda hawakuwa na sababu kubwa ya kuyalilia mapinduzi yale.

Mwaka 1974 Kérékou alitangaza kwamba nchi itafuata itikadi ya Marx na Lenin, na benki pamoja na mashirika makubwa vikawekwa mikononi mwa dola. Miaka kumi na mitano baadaye benki tatu za serikali zilikuwa zimefilisika, watumishi wa umma walikuwa wamekaa miezi bila mishahara, walimu na wanafunzi walikuwa wamegoma, na Ufaransa pamoja na wakopeshaji wengine walikuwa wakidai mageuzi kabla ya kutoa msaada. Desemba 1989 itikadi ile ikaachwa rasmi, na Februari 1990 ukaitishwa Mkutano wa Kitaifa katika hoteli moja mjini Cotonou, chini ya uenyekiti wa Askofu Isidore de Souza. Hapo ndipo penye kiini cha swali lako. Wajumbe, ambao idadi yao ilikaribia 500, walijitangazia mamlaka kamili, wakasema kwamba maamuzi yao yatakuwa sheria na wala si ushauri kwa rais, wakamteua Nicéphore Soglo kuwa waziri mkuu wa mpito. Kuitisha mkutano kulitokana na kubanwa. Hilo sina shaka nalo. Lakini siku wajumbe walipompokonya madaraka jeshi lilikuwa bado lake, na angeweza kuwatawanya kwa bunduki kama viongozi wengine walivyofanya miaka hiyohiyo. Hakufanya hivyo. Kwangu mimi sifa yake halali inaanzia hapo, wala sioni sababu ya kumnyima.

Binti wa Pwani

Shikamoo Mzee wa Maktaba. Nimeyapokea maelezo yako kwa heshima, ila naona umepita haraka mno juu ya miaka ya giza. Kapteni Michel Aikpé, mmoja wa maofisa waliofanya naye mapinduzi na waziri wake wa mambo ya ndani, aliuawa Juni 1975, na maelezo ya serikali kuhusu kifo hicho hayakuwaridhisha wengi. Wapinzani walifungwa Ségbana, gereza la kaskazini lililoogopwa nchi nzima, na waliotoka humo walisimulia mateso. Kisha Kérékou alipokubali kushindwa mwaka 1991, alipewa kinga ya kutoshtakiwa kwa matendo ya utawala wake tangu 1972. Ninaelewa kwamba kinga hiyo ilisaidia makabidhiano yafanyike kwa amani. Hata hivyo, gharama yake ililipwa na familia za waliouawa na kuteswa, ambao hawakupata siku yao mahakamani, na nasikitika kila ninaposoma wasifu wake usiowataja kabisa.

Mwalimu Mstaafu

Naongeza machache kuhusu kipindi cha pili, ambacho watu hukisahau. Kérékou alirudi akiwa Mkristo mlokole, na alipoapishwa mwaka 1996 aliyaruka maneno ya kiapo yanayotaja roho za mababu. Mahakama ya Katiba ikamlazimisha aape upya, naye akatii. Mtu aliyetawala kwa amri za kijeshi sasa anarudishwa na majaji arekebishe maneno machache! Nadhani tukio hilo dogo laonyesha mageuzi ya nchi kuliko hotuba nyingi. Tusimpambe kupita kiasi, lakini. Katika uchaguzi wa 2001 Soglo na Adrien Houngbédji walisusia duru ya pili wakilalamikia udanganyifu, akabaki kushindana na Bruno Amoussou aliyekuwa waziri wake mwenyewe, na mwaka 2005 kampuni ya Titan ya Marekani ilikiri mahakamani kwamba ilikuwa imetoa kama dola milioni 2 kwa kampeni yake kinyume cha sheria.

Mpenda Historia

Nawashukuru nyote. Jambo moja bado linanitatiza. Nimesoma kwamba alama yake ilikuwa kinyonga, na kwamba alipenda kusema tawi halitavunjika mikononi mwa kinyonga. Kwetu sisi kinyonga ni mtu mgeugeu. Je, yeye aliona fahari kuitwa hivyo?

Mzee wa Maktaba

Marahaba, Binti wa Pwani. Nakubali kwamba niliwapita wafungwa wa Ségbana kwa haraka, na umenikumbusha vyema. Ama wewe, Mpenda Historia, yeye alikusudia mwendo wa kinyonga, ule wa kupima tawi kwa mguu kabla ya kukanyaga, ingawa wapinzani wake waliishika ile maana ya rangi kama wewe. Mwaka 2006 katiba ilimzuia kwa mambo mawili, ukomo wa mihula miwili na umri usiozidi miaka 70, naye alikuwa na 72. Wapo waliotaka katiba ibadilishwe kwa ajili yake. Haikubadilishwa, na tarehe 6 Aprili mwaka huo Boni Yayi akaapishwa.