Kikundi cha Ukoo: Babu anataka kulala na panga

Zuhura: Shikamooni wakubwa. Tangu mlango wa jirani uvunjwe, Babu anataka kulala na panga chini ya godoro. Anaulizia pia kibali cha bastola. Ana miaka 78, amepanga chumba na sebule, yuko peke yake. Tumshauri nini?

Mjomba Idi: Marahaba mwanangu. Hofu yake ni ya haki, asicheke mtu. Ila tuhesabu sekunde kwanza. Dennis Tueller, askari polisi wa Salt Lake City, aliandika mwaka 1983 kwamba mtu hukimbia mita 6.4 kwa sekunde 1.5 hivi. Kwa Babu, kutoka mlangoni hadi kitandani hazifiki hata mita 6. Kabla hajakaa kitako mwizi ameshamfikia. Muda wa Babu unatoka mlangoni, sio chini ya godoro.

Fundi Salehe: Na mlango hauvunjiki pale watu wanapodhani. Mara nyingi kitasa kinabaki kizima, kinachopasuka ni mbao ya fremu, pale penye kibati kinachopokea ulimi wa kitasa. Kile kibati kimeshikwa na skrubu mbili za milimita 20, zimeng'ata ubao mwembamba tu. Mateke mawili, ubao umechanika.

Fundi Salehe: Toa hizo. Weka kibati kirefu chenye matundu manne au zaidi, skrubu za milimita 75, zipite fremu mpaka ukutani. Ukuta wa tofali toboa kwa drili utie plagi, kile kiplastiki cha kushikia skrubu. Skrubu iliyopigiliwa kwa nyundo haishiki kitu. Bawaba ziwe tatu, na kila moja ibadilishiwe skrubu mbili ziwe ndefu. Halafu angalia ulimi wa kitasa unatoka kiasi gani. Unatakiwa utoke milimita 25. Tundu la fremu likiwa halijachimbwa vya kutosha, unaishia nusu na mzee anadhani amefunga.

Mama Tuma: Mnyororo anao tayari.

Fundi Salehe: Mnyororo usiuhesabu, mama. Skrubu zake fupi, bega moja linaung'oa. Mlango utobolewe jicho, tundu la kumchungulia aliye nje, usawa wa macho YAKE, sio ya fundi. Na komeo la ndani liwe usawa wa kifua. Likiwekwa chini karibu na sakafu, mzee mwenye mgongo atainama usiku wa kwanza na wa pili, wa tatu ataliacha wazi.

Shangazi Rukia: Salehe, asifungiwe kitasa kinachodai ufunguo kwa ndani. Moto ukiwaka gizani hataupata. Kiwe cha kuzungusha kwa mkono. Na kama madirisha yana nondo, moja lazima lifunguke kwa ndani.

Baba Mdogo Yusufu: Hapo hapo, ni mpangaji. Kutoboa fremu au kubadilisha kitasa kunataka ruhusa ya mwenye nyumba, kwa maandishi. Na aulizwe funguo za akiba za mpangaji aliyetangulia ziko wapi. Wengi wanasahau hilo.

Zuhura: Sawa. Ila yeye anang'ang'ania silaha, anasema bila kitu mkononi halali.

Shangazi Rukia: Basi aambiwe ukweli wa mwili. Mtu aliyeshtuliwa usingizini ana mang'amung'amu kwa dakika kadhaa, na kama anameza dawa za usingizi ni zaidi. Vifaa vya kusikia viko mezani, miwani pia. Katika hali hiyo anamtambuaje mjukuu aliyekuja usiku bila kupiga simu? Hilo ndilo linaloniogopesha kuliko mwizi.

Mjomba Idi: Panga linataka nafasi ya kuzungusha mkono. Chumbani kuna chandarua, kabati, ukuta. Likikwama mara moja linashikwa na mwenye nguvu zaidi. Bastola nayo: kuvuta sehemu ya juu ili risasi ipande kunadai vidole vyenye nguvu, na vidole vyenye baridi yabisi haviwezi. Mkono ukilegea wakati wa kufyatua, bastola inayojipakia yenyewe inaweza kukwama na ganda ndani. Na risasi inapita ukuta wa jipsamu bila shida. Upande wa pili kuna watoto wa mpangaji mwingine.

Shangazi Rukia: Na mzee akianza kusahausahau, au akiwa na majonzi mazito, silaha iondoke nyumba ile siku hiyo hiyo.

Mama Tuma: Dawa ya pilipili ya kupuliza?

Mjomba Idi: Ndani ya chumba kidogo inamrudia mwenyewe. Mwenye pumu asiiguse. Uingereza ni silaha iliyopigwa marufuku, iko chini ya sheria ya silaha ya 1968. Aulize sheria ya anapoishi kabla ya kununua.

Zuhura: Na akimpiga mtu kweli?

Baba Mdogo Yusufu: Kipimo kinatofautiana. Florida, tangu 2005, sheria inachukulia kwamba mtu aliyevunjiwa na kuingiliwa kwa nguvu alikuwa na hofu ya kweli. Kwingine atatakiwa aieleze mwenyewe. Lakini hatari ikiisha, ruhusa imeisha. Mwizi akigeuka kukimbia, Babu asimfuate hata hatua moja nje ya kizingiti. Pigo la mgongoni ni kesi nyingine kabisa.

Baba Mdogo Yusufu: Polisi wakija, mikono iwe mitupu, wao hawajui nani ni mwenye chumba. Asioshe damu, asisogeze kitu. Aliyeumia aitiwe gari la wagonjwa, hata kama ni mwizi.

Shangazi Rukia: Na yeye mwenyewe apimwe presha. Maumivu ya kifua yanaweza kuja saa nzima baada ya mtafaruku, wakati wote mmeshatulia.

Mjomba Idi: Apangiwe hivi. Mlango wa chumba cha kulala nao uwe na komeo. Akisikia kishindo asitoke, afunge, apige simu. Kwanza ataje anwani na namba ya chumba, ndipo aeleze, maana simu inaweza kukatika. Halafu apaze sauti: "Polisi wanakuja!" Tochi na simu viwe mahali pale pale kila usiku, upande wa mkono anaotumia. Firimbi shingoni. Mkongojo wake tayari anao mkononi.

Mama Tuma: Na sisi tunaokwenda kwake usiku tupige simu kwanza, tukifika tutaje jina kabla ya kugonga.

Zuhura: Nimeandika yote. Kesho namwona mwenye nyumba kuhusu ruhusa.

Fundi Salehe: Ukiwa huko nipimie unene wa mlango na upana wa fremu, na unipigie picha ya kile kibati kutoka karibu. Gonga mlango katikati pia. Ukilia kama ngoma una uwazi ndani, na huo tunaubadilisha wote.