Wakuu, niachane na DX4-100 nichukue Pentium 75? Namba za Doom zinanivuruga

Mwanjelwa_33: Habari za baridi wakuu. Nina kompyuta ya zamani yenye prosesa ya 486 DX4-100 (100 MHz), RAM 16 MB, MS-DOS 6.22. Kuna jamaa Iringa anauza yenye Pentium 75 (75 MHz) kwa laki na nusu. Nimepima yangu kwa mchezo wa Doom 1.9, amri ni doom -timedemo demo3, inacheza rekodi moja kwa kasi yote ya mashine. Imetoa gametics 2314 (hatua za rekodi), realtics 3912 (muda uliotumika, 35 kwa sekunde), sawa na fremu 19.1 kwa sekunde. Ya Iringa, kwa alichonitumia, realtics 1655, fremu 45. Mia inashindwaje na sabini na tano? Sina usingizi.

Uyole_Gunia: MHz siyo viazi mkuu, huwezi kuzipima kwa kilo.

FundiSokomatola: DX4 ni 33 × 3, P75 ni 50 × 1.5. Pentium inaweza kutekeleza amri mbili kwa mpigo na njia yake ya kumbukumbu ni biti 64, yako 32. Itangulie, sawa. Ila pengo hilo limezidi. Kadi ya video gani?

Mwanjelwa_33: RAM nimesugua kwa kifutio, feni inazunguka vizuri.

Kihesa_Juu: Achana na Doom, endesha SI, kipimo cha kasi cha Norton. Inakulinganisha na IBM XT ya 4.77 MHz, namba moja tu, kazi imeisha.

FundiSokomatola: SI ni kitanzi kidogo kinachoenea ndani ya kashe, kumbukumbu ndogo ya haraka ya prosesa. Kadi ya video haiguswi kabisa. Mleta mada, nimeuliza kadi.

MamaDisketi: Nyie mnapima mwendo, betri mmekagua? Mazabodi nyingi za 486 zina ile ya pipa, Ni-Cd ya 3.6 V. Ikivuja inakula njia za shaba. Ing'oe, paka siki kidogo kwa pamba, suuza, malizia na spiriti, acha ikauke kabisa. Watu hawana adabu na vitu vya zamani.

Mwanjelwa_33: Shikamoo mama, betri niliitoa. Kadi ni Trident ya sloti ya ISA, ile ya zamani ya polepole, 512 KB. Lakini picha inatoka safi, na anayefikiri si ni prosesa? Halafu jamaa nimeshamtumia nusu ya hela.

Uyole_Gunia: Kumbe! Unaomba ushauri au baraka?

FundiSokomatola: Hapo ndipo ulipo ugonjwa. Fremu nzima ya Doom ni baiti 64,000, na zote zinapita ISA, biti 16 kwa mdundo wa kama 8 MHz. Prosesa inamaliza kuchora, inabaki kusubiri mlango. Sloti ya VLB, ile ya haraka iliyounganishwa na prosesa, unayo?

Mwanjelwa_33: Zipo mbili, tupu. Ila Pentium ni Pentium bwana.

Kihesa_Juu: Hii ni chai. Demo3 ya Doom 1.9 lazima iseme gametics 2134. Yeye kaandika 2314. Hana mashine huyu, katunga.

MamaDisketi: Nilijua.

FundiSokomatola: Shikeni kikokotoo kwanza. 35 × 2134 ÷ 3912 ni 19.1. Ukiweka 2314 unapata 20.7. Fremu zake zinatoka kwenye namba sahihi, kwa hiyo alikosea kunakili. Anayetunga angetunga vyote vikubaliane.

Mwanjelwa_33: Nimerudia kusoma karatasi, ni 2134. Samahani wakuu.

FundiSokomatola: Sasa fanya hivi. Ikiandika "Starting MS-DOS" bonyeza F5, EMM386 (programu ya kumbukumbu) isipakiwe. Endesha cachechk, kipimo cha kashe: unatakiwa uone ngazi tatu, kashe ya ndani ya prosesa (16 KB kama DX4 yako ni ya Intel), ya mazabodi, kisha RAM. Ya kati isipoonekana, imezimwa kwenye BIOS, au chipu zake ni plastiki tupu. Zipo mazabodi za miaka ile zilizouzwa hivyo. Azima kadi ya VLB, pima Doom tena ukiongeza -nosound, bila sauti. Ukikosa, jamaa wa Iringa achomeke kadi ya ISA kwenye Pentium yake. Ikianguka nayo, umejua mchawi ni nani. Mchezo wa Quake usiupime, hesabu zake za desimali Pentium itakuaibisha hata ukiwa na VLB.

Kihesa_Juu: Na default.cfg, faili la mipangilio ya Doom, ya muuzaji? screenblocks yake, yaani ukubwa wa dirisha, ngapi? Dirisha dogo, namba kubwa.

Mwanjelwa_33: Yangu ni 10, detaillevel 0 (picha kamili). Nimempigia, yake 7. Anasema aliikuta hivyo.

FundiSokomatola: Aingie kwenye mchezo, abonyeze alama ya kujumlisha mpaka picha ifike pembeni na ile baa ya uso ibaki chini. Atoke kwa F10, ndipo inahifadhi. Apime tena, akutumie picha ya skrini. Nusu iliyobaki usimtumie kwanza.