Kerneli ya Linux kwa bodi mpya: toleo thabiti au la maendeleo?

fundi_saketi
Wakuu, habari za kazi. Tumechora bodi yetu ya kusoma vipimo vya pampu za umwagiliaji. Prosesa ni AM335x, ile ya BeagleBone Black, ramu MB 512. Ikishafungwa shambani, itakaa huko miaka. Nimekwama pa kuanzia upande wa kerneli, yaani kiini cha Linux. Kuna 6.12, toleo la kutunzwa muda mrefu lililotoka Novemba 2024. Kuna tawi kuu la Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ambako mambo mapya huingia kwanza. Na kuna 4.19 niliyopewa na muuzaji wa bodi ya mfano, ambayo tayari inawaka. Mngeanza na ipi?

babu_konsoli
Zamani jibu ulilisoma kwenye namba, mwanangu. Namba ya pili ikiwa shufwa, kama 2.4, toleo ni thabiti. Ikiwa witiri, kama 2.5, ni la maendeleo. Kati ya 2.4.0 ya Januari 2001 na 2.6.0 ya Desemba 2003 ilipita karibu miaka 3, na sisi wa bodi ndogo tuliteseka: draiva mpya (programu za kuendesha chipu) ziko 2.5, bidhaa inauzwa na 2.4, kila kitu unakirudisha kwenye 2.4 kwa mkono. Baada ya 2.6 utaratibu huo uliachwa. Sasa toleo jipya hutoka kila wiki 9 au 10: wiki 2 za kupokea mambo mapya, kisha rc, yaani toleo la majaribio, kila wiki mpaka rc7 au rc8. Usiliogope tawi kuu kwa sababu ya sifa za 2.5.

dada_moduli
Shikamoo babu. Hata hivyo mimi ningeanza na 6.12. Bodi mpya ina makosa yake: pini umekosea, saa ya prosesa umekosea, ramu haijatulia. Ukiweka juu yake kerneli inayobadilika kila siku, hujui umlaumu nani. Niliwahi kuhamia bodi moja juu ya rc2, nikamaliza wiki nzima nikiukagua mti wangu wa vifaa (device tree, faili inayoieleza kerneli vilivyomo kwenye bodi) mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa kwenye kerneli yenyewe. Git bisect, amri ya kusaka badiliko lililoleta kosa, ndiyo iliyonionyesha. Tena 6.12 ina PREEMPT_RT ndani, ile ya kuifanya kerneli iitikie kwa wakati maalumu, huhitaji viraka vya pembeni.

kiraka_cha_kwanza
Hapo kwenye PREEMPT_RT, dada, angalia: katika 6.12 imefunguliwa kwa prosesa za x86, arm64 (ARM ya biti 64) na RISC-V. AM335x ni Cortex-A8, ARM ya biti 32, kwa hiyo haimo.

Swali langu kwa fundi: kuna chipu yoyote kwenye bodi isiyo na draiva? Kama zote zinazo, basi kazi yako ni mti wa vifaa tu, chukua 6.12 uendelee. Kama ipo moja, draiva yake iandikie tawi kuu. Matoleo thabiti hupokea marekebisho ambayo tayari yameingia tawi kuu. Draiva yako mpya haitapata mlango huko. Ukibaki nayo mfukoni, utaibeba peke yako. Fanksheni za ndani ya kerneli hazina ahadi ya kudumu. Mfano mdogo: fanksheni class_create() ilipunguziwa hoja moja (argument) katika 6.4, na kila moduli ya nje iliyoitumia ikagoma kukompailiwa.

dada_moduli
Asante kwa sahihisho. Na 4.19 je? Kernel.org, tovuti rasmi ya kerneli, iliacha kuitunza Desemba 2024.

kiraka_cha_kwanza
Ya kusoma tu. Inawaka, kwa hiyo ni ushahidi: chukua humo mipangilio ya pini na ya saa, ulinganishe na yako. Kuifunga shambani leo, hapana.

babu_konsoli
Na kwa kuwa bodi itakaa miaka, fundi, wajue CIP, mradi wa kutunza kerneli za mitambo ya viwanda na miundombinu. Wao hutunza matoleo machache, 6.1 ikiwemo, kwa angalau miaka 10. Mwaka 2023 watunzaji wa matoleo ya muda mrefu walitangaza kupunguza kipindi chao kutoka miaka 6 hadi 2. Kabla ya kuchagua namba, soma tarehe ya mwisho wake.

fundi_saketi
Marahaba kwa wote, nimewaelewa. Chipu isiyo na draiva ipo moja, ya kupima mtiririko, iko kwenye I2C, zile nyaya mbili za kuunganisha chipu na prosesa. Nitawasha bodi kwa 6.12 kwanza hadi ramu na mtandao vitulie, halafu draiva niiandike juu ya tawi kuu na kuirudisha 6.12. Leo jioni naanza na omap2plus_defconfig, mipangilio ya kerneli iliyo tayari kwa prosesa za aina hii. Nitabandika hapa kitakachotoka kwenye konsoli.