Mrejesho: pikapu iliyokuwa inazima injini ikipata moto

Wakuu, niliuliza kuhusu pikapu yangu ya petroli ya mwaka 1994 inayozima ikipata moto, taa ya cheki injini haiwaki hata ukifungua swichi. Mliosema tatizo ni kontroli boksi (kompyuta inayoendesha injini) mlipatia. Fundi umeme alipolifungua, kapasita (vifaa vidogo vya kuhifadhi umeme kwenye bodi) zilikuwa zimevuja na maji yake yamekula njia za shaba kwenye bodi.

Kabla ya kufunga jingine, alipima kwanza umeme na ethi (waya za hasi) zinazoingia kwenye boksi, jambo nililolipenda sana, maana kasoro ya waya ingeweza kuunguza na hilo boksi jingine. Tumefunga la mtumba lenye namba ileile iliyoandikwa kwenye boksi la zamani. La gari la otomatiki tulilikataa, yangu ni manyuo. Imobilaiza (mfumo wa kuzuia wizi unaotambua funguo) haina, basi funguo hazikusumbua. Sasa inawaka vizuri, sailensa (mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta) imetulia. Asanteni sana, hasa aliyesisitiza namba.