Ferguson TEA20 ya petroli: stata inazungusha vizuri, injini haiwaki

MkulimaKaratu
Wakuu, naomba msaada. Trekta ni Ferguson TEA20 ya petroli, injini ya Standard, umeme wa volti 12. Ilikaa bandani misimu kadhaa. Betri mpya, petroli mpya, plagi, pointi (ile swichi ndogo ndani ya distributa inayokata umeme wa koili) na kondensa mpya. Stata inazungusha kwa nguvu, lakini injini haikohoi hata kidogo. Petroli inafika kwenye kabureta. Nianzie wapi?

FundiPlagi
Mkuu, kabureta iache kwanza. Injini isiyokohoa kabisa mara nyingi imekosa moto, si mafuta. Futa petroli yoyote iliyomwagika. Chomoa kwenye distributa (kinachogawa moto kwa plagi) ule waya mnene unaotoka kwenye koili (inayotengeneza moto wa plagi), ushike kwa koleo yenye mpini wa mpira, ncha yake ikae kama milimita 6 kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Washa swichi, mwenzio asukume gia hadi S (nafasi ya stata).

Cheche iwe ya buluu na isikike ikilia. Ikiwa nyembamba ya njano, au haipo, tafuta kwenye koili, pointi na kondensa. Ikiwa nzuri hapo lakini haifiki kwenye plagi, angalia kifuniko cha distributa na rota, kile kipande kinachozunguka chini yake. Kuna rota mpya za bei rahisi zinazovujisha umeme kupitia ile ripiti ya katikati hadi kwenye shafti. Kama ile ya zamani haina ufa, irudishe.

MkulimaKaratu
Hakuna cheche. Nimepima kwa mita: koili upande wa swichi ina volti 12, upande wa waya wa distributa ni sifuri. Pointi zikifunguka, bado sifuri.

Volti12
Hapo umeshakaribia. Pointi zikifunga, upande huo lazima uwe karibu na sifuri. Zikifunguka lazima usome 12. Chomoa kwenye koili ule waya mwembamba wa distributa, upime tena pale pale. Ikibaki sifuri, koili imekatika ndani (nzima husoma kama omu 3). Ikirudi 12, koili ni nzima na kuna mahali umeme wa distributa unagusa bodi (chuma cha trekta).

Kwa kuwa pointi ni mpya, naweka dau kwenye wosha za plastiki. Ule mguu mdogo unaoshika springi ya pointi umefungwa kwenye bodi, kwa hiyo springi, waya wa kondensa na waya wa koili havitakiwi kuugusa kabisa. Panga hivi: wosha ya plastiki chini, springi juu yake, kisha vichwa vya nyaya viwili viguse springi, halafu bushi ya plastiki yenye shingo ipite katikati yao vyote, na nati mwisho. Watu wengi huweka bushi chini ya nyaya. Nati ikikazwa, nyaya zinabanwa kwenye mguu na umeme wote unaingia bodini. Angalia pia kama waya mwembamba umechubuka pale unapoingia kwenye distributa.

Futa nyuso za pointi kwa kitambaa chenye petroli safi, maana mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu. Nafasi ni inchi 0.010 hadi 0.012 kwa distributa ya Lucas ya zamani, 0.014 hadi 0.016 kwa modeli ya DM2. Plagi, 0.030.

Kingine: hii Ferguson ni chanya bodini, yaani + ya betri imefungwa kwenye chuma cha trekta. Koili ikiwa na alama, + iende kwenye distributa. Ukigeuza itawaka, ila moto utakuwa dhaifu. Na usiache swichi imewashwa pointi zikiwa zimefunga, utachoma koili.

BibiTrekta
Mkishapata moto, fungua kava ya valvu. Trekta ikikaa muda mrefu, valvu hunata zikiwa wazi. Zungusha kwa hendeli, swichi imezimwa, uone kila valvu inarudi juu. Inayokwama, idondoshee dizeli kwenye shina na uiache ilowe, usiilazimishe kwa stata, utapinda pushrodi (fimbo inayosukuma valvu). Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, silinda ya 1 ikiwa upande wa rejeta.

MkulimaKaratu
Ilikuwa bushi. Cheche ni ya buluu, valvu zote zinacheza. Sasa inawaka sekunde chache inazima, isipokuwa nikiivutia choki.

FundiPlagi
Basi sasa ni zamu ya kabureta. Weka chombo, fungua plagi ya chini ya kabureta: petroli ikitiririka kisha ikapungua na kudondoka, safisha koki na kichujio chake, na ujaribu kulegeza kifuniko cha tangi, huenda tundu la hewa limeziba. Ikitiririka bila kupungua, toa jeti kuu uipulizie kwa upepo. Usiichokonoe kwa waya, utapanua tundu. Jeti ikiwa safi na bado inahitaji choki, kaza nati za manifoldi (bomba linalopeleka mchanganyiko kwenye silinda) na ukague gasketi ya kabureta, inavuta hewa hapo.