Kupe wa mbwa: dawa ya kuogesha, mkanda au kidonge?

Mlinzi wa Kibaha: Wakuu, nina mbwa wawili wa ulinzi. Kupe wamewajaa masikioni hadi katikati ya vidole. Duka la dawa za mifugo wameniambia nichague: amitrazi ya kuogesha, mkanda wa shingoni au kidonge cha kutafuna. Bei zimepishana mno. Nichukue kipi?

Bwana Mifugo: Kabla ya bei, tazama ugonjwa. Kupe wa kahawia huambukiza erlikia na babesia, magonjwa ya damu. Mbwa akipata homa, akasusa chakula, fizi zikapauka na mkojo ukawa kama chai ya rangi, mkimbize kwa daktari. Na usijidungie mwenyewe zile sindano za ng'ombe. Diminazini, dawa iliyomo humo, ikizidi kidogo tu inaharibu ubongo wa mbwa.
Amitrazi ni nafuu, ila inataka kurudiwa kila wiki moja au mbili, na haisuuzwi. Kidonge cha fluralana kinafika wiki 12. Mwenye mbwa wa kifafa aulize kwanza.

Mama Simba: Mkanda halisi wa flumethrini unakwenda miezi saba, minane. Ile ya barabarani inanukia tu, kupe wanapita juu yake wakienda zao.

Mkwale: Huku kwetu karibu na Shimba Hills, pwani ya Kenya, kuna mbung'o pia, nao wanaleta nagana, yaani malale ya wanyama. Macho ya mbwa hufanya ukungu wa buluu. Kidonge hakimfukuzi mdudu, lazima aume ndipo afe. Mimi natumia dawa ya kudondoshea mgongoni yenye permethrini, inawakera hata mbu.

Mama Simba: Mwenye paka asiiguse hiyo! Permethrini inaua paka.

Mlinzi wa Kibaha: Paka sina. Basi nachukua vidonge, yaishe.

Bwana Mifugo: Hayajaisha, mkuu. Kupe jike akishiba anadondoka, anapanda ukutani, anataga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Na kupe mzima anakaa miezi bila kula. Banda lako limejengwa kwa kitu gani?

Mlinzi wa Kibaha: Matofali, halijapigwa plasta.

Bwana Mifugo: Hapo ndipo kwao. Piga plasta, pulizia dawa hadi darini, mbwa wasirudi mpaka pakauke. Rudia baada ya wiki mbili, maana mayai yanaendelea kuanguliwa. Na vidonge wape wote wawili siku moja.

Mlinzi wa Kibaha: Mfuko wa saruji nao umepanda bei, lakini sawa. Jumamosi naanza na banda.