Tupeane uzoefu: mliwakusanyaje ndugu wote kwa miaka 80 ya mzazi?

Binti wa Kibokoni

Hamjambo nyote. Mamangu alitimiza miaka 80 Agosti 2024. Tangu hapo jirani wawili wameshaniuliza tulijipangaje, na wote wawili wana ndugu waliotapakaa kama sisi. Nimeona tukusanye hapa ya kila mmoja. Naanza mimi.

Tumezaliwa saba. Mmoja yuko Muscat, wawili Uingereza, mmoja Toronto, mmoja Nairobi, mimi na kaka yetu mkubwa tuko hapa Mombasa. Mara ya mwisho sote saba kula sinia moja ilikuwa matanga ya baba, 2009, na hata hapo wa Toronto alifika siku ya tatu, baba ashazikwa. Miaka iliyofuata tulionana kwa vilio tu: leo mmoja yuaja kumzika ami, kesho mwengine yuaja kumzika khalati. Nikawaandikia kwenye kundi letu la WhatsApp: safari hii tuje mama akiwa hai, atuone kwa macho yake.

Tarehe ilitupa kazi. Kitambulisho cha mama kimeandikwa 1 Januari, kama vya wazee wengi wa rika lake ambao siku yao haikuandikwa popote. Anachojua ni alichoambiwa na mamake: "Ulizaliwa kusi, vita vya Wazungu havijesha." Tukachukua Agosti. Kusi yavuma, jua si kali, shule za Uingereza na Kanada zimefungwa na za hapa zina likizo. Desemba tuliikataa mapema. Nauli za ndege zapanda, nyumba za kukodi za Nyali na Bamburi zajaa wageni wa bara, na joto la kaskazi si la kumkalisha mzee chini ya hema mchana kutwa.

Jina la shughuli nalo lilileta maneno. Kaka wa Muscat hataki kusikia habari ya kusherehekea siku ya kuzaliwa, wajukuu wa London wanataka keki. Mama akakata shauri mwenyewe: "Someni hitma, pikeni biriani, hiyo keki wale watoto." Ikawa dua ya shukrani na hakuna aliyenuna. Sare tulinunua Biashara Street, leso korja mbili, jina lake "Nani kama mama", tukazikata na kuzipinda wenyewe barazani siku mbili nzima.

Pesa: wa ng'ambo tuliwahesabia nauli kuwa ndiyo sehemu yao kubwa, sisi wa hapa tukabeba chakula, hema na viti. Wifi yangu alishika mfuko na kila Ijumaa alituma hesabu, mpaka bei ya iliki. Ugomvi wa pesa haukutokea, nami naamini ni kwa sababu ya hizo Ijumaa.

Haya, nanyi mlifanyaje?

Msafiri wa Leicester

Langu ni fupi, kwa wenye watoto wa pasipoti za nje. Toka Januari 2024 Kenya haidai viza, lakini kuna kibali, eTA, kinachoombwa mtandaoni kabla ya safari. Mimi nina pasipoti ya Kenya, nikasahau kuwa wanangu hawana. Tulizuiwa kaunta ya ndege, nikatangulia peke yangu, wao wakafuata siku tatu baadaye. Mamangu alinikumbatia pale uwanjani Mombasa huku macho yake yakitafuta nyuma ya bega langu.

Mwana wa Mtongwe

Babangu alitimiza 85. Sisi twakaa Mtongwe, ng'ambo ya kivuko. Tulikodi ukumbi kisiwani Mombasa, tukalipa arbuni, kadi zikachapishwa. Wiki mbili kabla nikampelekea kanzu aipime. Akauliza, "Ukumbi wenyewe wapi?" Nikamtajia. Akanyamaza, akaivua kanzu polepole, akaikunja. "Mimi sivuki."

Wadogo hapa huenda hamjui. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilipinduka asubuhi, watu wakienda kazini, karibu mno na ufuo wetu. Walikufa watu 272. Ndugu yake baba alikuwa mmoja wao. Toka siku ile baba akiwa na haja kisiwani hutuma mtu. Sisi tulikua na jambo hilo ndani ya nyumba, halisemwi ila kila mtu alijua. Kisha mmoja akaenda Jeddah, mmoja Mwanza, mmoja akaingia ubaharia, na jambo likatutoka akilini kabisa. Hilo ndilo lililonitia aibu, wala si ile arbuni, ambayo mwenye ukumbi hakuirudisha.

Kaka baharia alishauri mzee apitishwe barabara ya Dongo Kundu, inayozunguka kwa nchi kavu na madaraja: hakuna feri, ni gari tu mpaka Miritini. Kweli yawezekana. Nikakataa, na hadi leo naona nilifanya sawa. Kwa nini siku yake ianze kwa kusukumwa? Tukahamishia shughuli chini ya muembe wa nyumbani, na ndugu wa kisiwani ndio waliozunguka Dongo Kundu kwa mabasi mawili. Baba alikaa kwenye kitanda cha kamba, bakora mapajani, akipokea mikono ya watu mmoja mmoja. Kabla chakula hakijatengwa alimuombea ndugu yake, akamtaja kwa jina lao la utotoni. Hatukuwa tumelisikia miaka thelathini.

Mama Watatu, Mikindani

Umenikumbusha mbali, Mwana wa Mtongwe. Pole sana.

Sisi ni wakristo, mama alitimiza 75, tukafanya ibada ya shukrani nyumbani. Shida yetu ni kaka aliye Minneapolis. Ana miaka 19 kule bila makaratasi, akitoka harudi, na watoto wake wangali wadogo. Ibada ilikuwa saa saba mchana, kwake saa kumi na moja alfajiri. Tukamtengea kiti, tukaegemeza simu juu yake, dada yangu akaweka na sahani mbele. Mama alipoiona sahani akainuka. "Iondoeni hiyo. Mwanangu si marehemu. Nipeni simu."

Akamshika mkononi, akamuuliza amekula nini. Kaka akageuza kamera: alikuwa jikoni toka saa tisa usiku akipika wali wa nazi, tui la kopo, samaki wa barafu. Wakala pamoja, mama huku, yeye kule, na mama akimwambia wali wake una maji. Nakushauri, kama una ndugu asiyeweza kusafiri, mjulishe mapema mtakachokula ili apike hicho hicho.

Wa Majengo

Ya kwetu iliharibika, na nasema ili msirudie. Baba ana nyumba bila ardhi, jengo letu, kiwanja cha mtu, kodi ya ardhi twalipa kila mwezi. Usiku wa shughuli, wageni wameondoka, ndugu aliyetoka Dubai akaanza: nyumba hii itakuwaje, tununue kiwanja, tuuze, nani amechangia nini. Ukuta ni wa udongo na chokaa, chumba cha baba kiko upande wa pili. Asubuhi alituambia tu, "Nimesikia mwanigawa." Hakunywa chai. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliosema. Mambo ya nyumba yanataka siku yake, na mzee awepo mbele, aulizwe yeye kwanza.

Fundi wa Kisauni

Binti wa Kibokoni, na mama mwenyewe alifurahia nini zaidi? Kwetu ni mwakani, nataka kujua pa kuweka nguvu.

Binti wa Kibokoni

Wa Majengo, ahsante kwa kuwa mkweli. Mungu awape kuelewana na mzee wenu.

Fundi, nikujibu ukweli. Tulikuwa tumekodi nyumba Nyali kwa wa ng'ambo, vyumba vinne vyenye feni na maji ya moto. Mama alikasirika. "Mwanangu alale kwa watu na mimi nina ukumbi?" Tukaazima magodoro kwa jirani, tukayapanga ukumbini, tukalala sote saba kama zamani, watu wa miaka hamsini. Usiku nilimsikia akija na mkono wake ukutani. Akainama, akamfunika kaka yetu mkubwa kwa leso, kisha akakaa pale chini kwenye jamvi, mgongo kwenye mlango, hakusema neno. Alikaa mpaka adhana ya alfajiri.

Walipoondoka nikataka kuyarudisha magodoro. Akaniambia yaanikwe kwanza. Siku nane yalikuwa pale pale ukumbini, na kila nikiuliza aniambia, "Bado hayajakauka."